Mabati ya Marcella

Kagwiria aling'oa msumari mwingine, akaubana kwa meno kama wafanyavyo mafundi, kisha akalisukuma bati. Lilianguka uani kwa kishindo kilichowatoa majirani majikoni. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, hapo hapo sokoni Kianjai, na mwanamke mzima na gambuti zake alikuwa juu ya kanisa akiliezua mchana kweupe.

Alikuwa na hasira. Alikuwa amelala nayo na kuamka nayo, na ngazi aliipanda nayo.

Kanisa lenyewe lilikuwa changa, la kuta za mabanzi na sakafu ya udongo. Waumini waliliezeka wenyewe. Kila aliyetoa bati aliandikwa jina lake kwa rangi nyekundu upande wa ndani, ili watu wakiinua macho wakati wa sifa waone ni nani aliyemtolea Mungu. Marcella, mjane wa pale bondeni, alikuwa na safu nzima juu ya madhabahu. Mchungaji alikuwa amehubiri kwamba ukiezeka nyumba ya Mungu, Mungu atawafunika watoto wako. Marcella akaenda nyumbani, akamfungua ng'ombe wake wa pekee wa maziwa, akamuuza.

Mabati hayakuwa hata yameanza kupauka mwanawe Gacheri alipoanguka kutoka kwenye mti wa makadamia, mfupa wa paja ukatokeza nje. Sasa mtoto alikuwa hospitalini, mguu umevimba na kubadilika rangi. Bila dipoziti hakuna upasuaji, na bila upasuaji leo hii, daktari alisema, mguu utakatwa.

Kila alipoyakumbuka mahubiri yale, Kagwiria aliuma misumari mpaka akaonja damu. Laiti angekuwa na uwezo, mdomo uliomdanganya mjane namna ile angeupigilia misumari ukanyamaza.

Jana yake, baada ya ibada, kamati ilikuwa imekaa. Marcella alipiga magoti mbele yao akaomba arudishiwe hata nusu. Pesa hazikuwapo, zote zilikuwa juu ya paa. Wakamwekea mikono, wakamwombea, wakampa na mkungu wa ndizi abebe.

"Basi tuuze mabati yake," Kagwiria alisema mama wa watu alipotoka.

"Sadaka haipandi madhabahuni ikarudi nyumbani," mwenyekiti, mzee Kaimenyi, akajibu. "Tukifungua huo mlango, kesho kila mtu atakuja kuchukua yake."

"Na mguu wa Gacheri ukitoka, utarudi?"

Walipiga kura. Mkono wake ulibaki peke yake hewani. Halafu, kana kwamba hakuna lililotokea, wakamwomba afunge mkutano kwa sala. Alichukua koti lake akatoka.

Ndiyo maana asubuhi hii Bundi, mnunuzi wa mabati yaliyotumika, alikuwa ameegesha pikapu langoni, chini ya kibao chenye saa za ibada na namba ya simu ya mchungaji. Bundi hanunui hata sufuria bila kuuliza imetoka wapi. Kwa Kagwiria hakuuliza. Alihesabu mabati, akazitoa noti, na Marcella akazikumbatia kifuani akisubiri yaliyobaki.

Kaimenyi alifika akihema, ametoka kuchuma miraa.

"Mama Kendi, shuka," aliita.

Kagwiria alishtuka kidogo. Tangu kanisa lifunguliwe, mzee huyu hakuwahi kumwita kwa jina la bintiye.

"Shuka, mama. Hii kitu unafanya ni aibu. Watu wote wanyeshewe juu ya mtu mmoja?"

Na wanyeshewe, Kagwiria aliwaza. Wanyeshewe mpaka Biblia zao zilowe. Aling'oa msumari mwingine.

Kaimenyi alipoona hasikilizwi, alimpigia simu polisi. Aliyekuja alikuwa Salesio, kijana aliyehamishiwa hapo juzi tu, ambaye hata njia ya kwenda mtoni alikuwa bado anaulizia. Alimtazama yule mwanamke juu ya paa, akayatazama mabati uani.

"Huyo ni nani?"

"Ni mama tu wa hapa," Kaimenyi alisema haraka. "Amechanganyikiwa. Anaiba mali ya kanisa na wewe unaona. Mshike."

"Na wewe ndio mwenye kanisa?"

"Mimi ni mwenyekiti wa kamati."

Salesio alikuna kichwa. "Mzee, mimi siingiliangi mambo ya kanisa bila pasta. Yeye akiniambia ni wizi, huyu mama namshika saa hii. Pasta wenu ako wapi?"

Wanawake waliokusanyika walitazamana. Kaimenyi akaangalia chini.

"Hapatikani," alisema.

"Hapatikani ama hamjampigia?"

Salesio aliona kile kibao langoni, akakisogelea, akatoa simu yake na kuanza kubonyeza namba moja moja. Marcella alizidi kuzikumbatia zile noti. Juu, Kagwiria alikuwa amefikia bati la mwisho lenye jina la mjane.

Salesio aliiweka simu sikioni.

Juu ya paa, ndani ya mfuko wa koti la Kagwiria, simu ikalia. Alitema misumari kiganjani, akaipokea.

"Mchungaji anaongea," alisema. "Si wizi, afisa. Njoo unishikie hii ngazi."