Mkomamanga wa Dirishani

Fundi alipiga magoti kwenye matope, akaupapasa mkomamanga kuanzia chini hadi juu, halafu akavua kofia.

"Nani kautunza huu?"

"Mama," alijibu Kitindamimba, kichwa kikimvimba kidogo.

Kazi ya fundi ilikuwa bonsai: kung'oa miti mizima ya matunda, kuikata ikabaki visiki, kisha kuilea vyunguni mpaka izae ikiwa mifupi kama mtoto anayetambaa. Alikuwa ameona mingi, lakini huu ulimtoa udenda.

"Tazama makovu haya. Tazama waya uliomezwa na gome, na shina lilivyojinyonga. Mti wa umri huu ungekuwa umelipita paa! Mama yako ameubana miaka yote hiyo na haukufa. Subira hiyo mimi sina."

Kitindamimba hakushangaa. Tangu utotoni alimwona mama yake akitoka na birika kila asubuhi kuupa mti, kabla yeye mwenyewe hajanywa chai. Bibi mzaa baba ndiye aliyeupanda, mbele ya dirisha la jikoni, mama alipoingia nyumba hii kama bibi harusi. Ni wakwe wangapi huenziana namna hiyo?

Shida ni kwamba mapenzi hayo sasa yangemmaliza mama. Paa lilivuja, bafuni alishateleza akaumia nyonga, na kila akiombwa ahamie kwenye fleti ya binti yake huyu, jibu lilikuwa lile lile: "Niondoke, na mti ule umesimama? Labda mnitoe nikiwa ndani ya jeneza."

Basi Kitindamimba akapanga utangulie mti. Kwamba ungerudi ukiwa chunguni hakumwambia mtu. Alitaka iwe zawadi.

Fundi alichimba mtaro kulizunguka shina, akaikata mizizi minene kwa msumeno, akalifunga donge la udongo kwa gunia bichi. Matawi yote yalishuka, kikabaki kisiki cha kufika gotini. Mama alisimama mlangoni na mkongojo wake, machozi yakimtiririka.

"Na mizizi ya chini je, mwanangu?" alimuuliza fundi. " Umeitoa yote?"

"Yote, mama. Hapa hapaoti kitu tena."

Mama akaingia ndani, akamletea fundi chai kwa mkono wake mwenyewe, na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Jioni ile ile akaanza kufungasha nguo. Kitindamimba alijificha nyuma ya nyumba akalia, kwa jinsi mama yake alivyojikaza.

Fleti ilimkubali. Alinenepa, akawa anaimba akikunja nguo, hata mume wa Kitindamimba akasema hajawahi kumsikia mama mkwe akicheka hivyo. Kitindamimba hakudanganyika. Alijua ni kujikaza tu, na kila fundi alipompigia simu kwamba kisiki kimechipua, aliuma ulimi asije akasema.

Misimu miwili ikapita, chungu kikafika. Mti ulikuwa mfupi kuliko mkono wa mtu, na tunda moja jekundu lilining'inia kwenye kitawi. Kitindamimba alikiweka chungu dirishani, mkabala na mto wa mama, akamwita.

Mama alitazama kovu, kisha waya. Akakaa kitandani taratibu.

"Ndio wenyewe, mama! Fundi anasema kwenye chungu hivi utaishi miaka mia na zaidi. Utawakuta vitukuu wako."

"Bibi yako alipoupanda pale dirishani kwangu," alisema mama, "aliniambia hata yeye akifa, mti huu utabaki unaniangalia."

"Jamani, mama!" Kitindamimba alifuta machozi. "Basi ona, mpaka leo anakuangalia."

"Naona," alisema mama. "Niletee birika. Maji yachemke kabisa."