Yona na Tabitha wa Zizini

Kwao Mama Chiduo mifugo haihesabiwi mbele ya mgeni, maana itapukutika. Basi karani wa malisho alipouliza, alijibu ana mbuzi watatu, na zizini walikuwa watano.

Lakini madaftari ya maji, malisho na wakazi yalikwisha kuunganishwa kwenye kompyuta kuwa Daftari Kuu, nalo halivumilii hesabu zisizolingana. Liliona maji ya nyumba hii yanazidi mahitaji ya watu na mbuzi walioandikwa, likaamua humo mna watu wawili wasioandikwa. Likawaandika: Yona na Tabitha.

"Shoga, umejifungua lini?" jirani yake, Mama Mbeho, alimtania kadi zao za ukazi zilipofika.

"Mapacha, tena wenye pembe!" Wakacheka mpaka machozi. Kadi ya Yona, Mama Chiduo akamvisha beberu shingoni.

Mpwawe alipooa, Mama Chiduo akamchinja beberu. Kesho yake wageni wakimalizia supu, simu ikalia, sauti ya ofisi ya Daftari Kuu ikasema: "Mkazi Yona hajanywa maji tangu jana. Yuko wapi? Msitoke nyumbani, tunakuja."

Vijiko vikasimama. Mama Chiduo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaanza kuhesabu kwa sauti: wote walioonja nyama.