Kiti cha Mtakatifu

Kila sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa mji, sanamu yake ilipitishwa mitaani, na kila nyumba ilitoa kiti mlangoni ili apumzike kidogo. Apolonia alisubiri na kiti chake mpaka jua likaanza kuchwa, kisha akakibeba hadi kanisani.

"Mama, mwaka huu hatoki," katekista alimwambia. "Vijana wa kumbeba wote wamehama."

"Mwaka mzima mimi sina mgeni mwingine."

Katekista akampisha. Kati ya nguzo zilizosokotwa kama kamba, chini ya malaika wa dhahabu wenye mashavu manene, Apolonia alikiweka kiti mbele ya sanamu, akakifuta kwa upindo wa kanga. Kisha akaketi sakafuni, kama mwenyeji anayesubiri mgeni avue viatu.