Wino wa Kidole Kidogo

Kila gari la matangazo ya chanjo ya polio lilipopita, Mwanaidi alimpaka mwanawe wino kwenye kidole kidogo, kama wanavyopakwa watoto waliokwisha kupewa matone.

"Kura zetu wameziiba, dawa zao ndio niziamini?" alimwambia jirani yake, Tatu, ambaye naye aliazima kalamu ya wino ampake wake.

Safari hii alipaka jioni. Asubuhi yake, mtoto wa Tatu alishindwa kusimama.

Mwanaidi alimkalisha wake kwenye beseni, akasugua kidole kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Wachanjaji walimkuta bado anasugua.

"Huyu tayari, mama," alisema mmoja, akichora alama ya chaki mlangoni.

Mwanaidi alifungua mdomo. Ng'ambo ya uchochoro Tatu alisimama na mtoto mgongoni, akimtazama. Ndani ya beseni, mwanawe alipiga maji kwa miguu yote miwili.