Kamba ya Jukwaa

"Nani alikutuma upande jukwaani?" afisa wa kazi alimuuliza mgonjwa. "Kama ulitumwa, mkandarasi atakulipa fidia."

Kanisius, fundi mkuu, alisimama miguuni pa kitanda, mkono mfukoni, akikipapasa kipande cha kamba ya magome ya miti iliyofunga jukwaa la ujenzi, ikakatika juzi kwenye ghala la mnunuzi binafsi wa kahawa. Mkandarasi alikataa kununua kamba ya katani. Kanisius ndiye aliyemwambia huyu mpwa wake, "Panda, bwana, kamba ya jana haijaoza."

Nzi alitembea kwenye unyayo wa mgonjwa, naye hakuhisi.

Mgonjwa alimtazama fundi. "Shikamoo, mjomba," alisema kwanza. Kisha akamgeukia afisa. "Nilipanda mwenyewe. Hakuna aliyenituma."

"Una hakika? Ukisema hivyo, hupati kitu."

"Nina hakika, mzee."

Mkandarasi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alishusha pumzi. "Kijana ana adabu huyu."

Afisa aliandika, akafunga jalada, akainuka.

Kanisius alikaza kamba kiganjani. Alimwona yule nzi akipanda hadi kwenye goti la mgonjwa. Akafungua kinywa ili aseme.

"Marahaba," akaitikia.