Zamu ya Askari

Kila mara mtu alipoukaribia mlango, fundi cherehani aliuinua mguu wake chini ya mashine na kupiga sakafu kwa kisigino, mara mbili. Kisha aliendelea kushona kana kwamba si yeye.

"Askari kashasikia," mama yake alisema kutoka kwenye kiti chake. "Kuna mtu anakuja."

"Ndiyo, mama," alijibu fundi, na uso ukamwiva kwa aibu, ingawa mama alikuwa haoni kwa miaka mingi sasa.

Askari alikuwa sungura. Na Askari alikuwa amekufa wiki iliyotangulia.

Sebuleni mle waliishi sungura wanne, kila mmoja na vituko vyake. Malkia hakula mpaka ahudumiwe wa kwanza. Ukichelewa alikugeuzia mgongo mchana kutwa. Kibaka aliiba vitambaa na kuvificha nyuma ya kabati, na kuna mteja aliyewahi kusubiri mfuko wa suruali yake kwa sababu hiyo. Haya alikimbilia nyuma ya pipa la mabaki mtu akikohoa tu. Askari, wa kijivu, mwenye sikio lililochanika, aliletwa na baba muda mfupi kabla hajafariki. Alilala miguuni pa mama, na nyayo zikisikika nje alipiga sakafu kwa miguu ya nyuma kabla hodi haijapigwa.

Baba alipokufa, sufuria zilirudi jikoni zimejaa kama zilivyotoka. Hadi siku ambayo Askari alimpigia kishindo jirani aliyekuja kutoa pole, naye jirani akamwomba radhi kwa heshima zote. Mama alicheka. Fundi alicheka. Siku hiyo walikula.

Sasa angeanzaje kusema?

Asubuhi ya siku aliyokufa, Askari aliyakataa majani. Daktari wa mifugo aliongea na fundi kwenye simu kwa upole, akasema tumbo la sungura likishaacha kusaga chakula, mara nyingi haliamki tena. Fundi alimsugua tumbo. Alimdondoshea maji kwa bomba la sindano. Alimbembeleza kama mtoto mchanga. Mchana, mama akiwa amelala chumbani, Askari alikakamaa mapajani pake, juu ya gauni la mteja.

Alimzika nyuma ya jiko. Aliporudi, mama alikuwa ameamka.

"Mbona unavuta makamasi?"

"Nakata vitunguu, mama."

Mama alinusa hewa. "Haya, mwanangu. Kata taratibu."

Kesho yake alinunua mwingine sokoni, wa kijivu, wa uzito uleule. Lakini masikio yake yote mawili yalikuwa mazima. Fundi alishika mkasi, akalitazama lile sikio jembamba na mishipa yake kama nyuzi. Akaurudisha mkasi kwenye droo.

"Mama, usimshike Askari masikio kwanza. Ana kidonda."

"Maskini. Basi tumwache apone," alisema mama, wala hakuuliza tena.

Taabu ilikuwa tabia. Yule mpya alikuwa mvivu wa kupindukia. Hata mlango ungevunjwa, yeye angeendelea kutafuna. Basi fundi akaishika zamu mwenyewe. Hakutoka nyumbani. Alilitazama dirisha kuliko mshono, mpaka blauzi ya jirani ikatoka mkono mmoja ndani nje.

"Fundi, hii nivae mimi au nimvalishe adui yangu?" jirani aliuliza.

Hata mama alimshangaa. Sindano ilipodondoka, yeye ndiye aliyemwambia ilipo. "Imeangukia kushoto, karibu na mguu wa kabati. Mawazo yako yako wapi siku hizi?"

Fundi alijiona kama mtu aliyeshikilia mshono kwa vidole: akiachia tu, nguo yote inafumuka. Na angeshikilia mpaka lini?

Siku moja alikuwa amepiga magoti, akipima upindo wa gauni la mteja aliyesimama juu ya kigoda, pini zimejaa mdomoni. Hakulitazama dirisha. Hakuinua mguu.

Du, du.

Hodi ikafuata. Fundi aligeuka. Yule mpya alikuwa chini ya kiti cha mama, masikio wima.

"Askari huyo," alisema mama kwa utulivu.

Amejifunza! Nusura fundi azimeze pini. Labda Malkia kamfokea, labda Kibaka kamwonyesha. Nani ajuaye mambo ya sungura. Tangu hapo aliupumzisha mguu wake, na kile kishindo hakikukosa hata mara moja. Usiku alilala. Sahani yake aliimaliza.

Ndipo akathubutu kutoka, kwenda kununua zipu. Mvua ilimkuta njiani, akarudi kwa mlango wa nyuma, viatu vya tope mkononi, nyayo zake zikimezwa na kelele za mvua juu ya bati. Alisimama kwenye mlango wa jikoni.

Sebuleni, yule mpya alikuwa amelala fofofo mapajani mwa mama. Vidole vya mama vilipapasa taratibu ukingo wa sikio lake, toka shinani hadi nchani, kisha vikarudi.

Kwenye mlango wa mbele, jirani alikuwa anakuja mbio, akiburuza ndala zake kwenye maji.

"Mwanangu huyo anarudi," mama alinong'ona. Aliuinua mguu wake, akapiga sakafu kwa kisigino, mara mbili. Kisha akamwinamia sungura. "Na wewe jifunze kazi, mvivu wee, mguu unaniuma. Binti yangu akijua Askari amekufa, ataacha kula tena."