Aliyepiga Simu

Krystal alikuwa amepiga magoti bafuni, akimpulizia pumzi kaka yake aliyezidisha fentanili, dawa kali ya kulevya. Rangi yake nyekundu ya mdomo ilikuwa imeenea kwenye midomo ya kaka yake iliyogeuka buluu. Ni yeye aliyetuita sisi wa ambulensi.

Nilimpulizia kaka yake puani dawa ya kuzuia nguvu ya fentanili. Akakohoa, akafumbua macho.

"Teja kafufuka tena!" askari polisi aliyefika pamoja nasi akacheka. Kisha akamkamata Krystal mkono. "Na wewe ulikuwa unavuta naye. Twende."

"Mwachie!" nilifoka. "Sheria ya hapa Ohio inamlinda aliyeita msaada mtu akizidisha dawa!"

"Sheria hiyo ndiyo inayowadekeza mateja, dada. Wewe shughulika na ambulensi yako."

Akamfunga pingu.

Nje, majirani walimwona Krystal akitolewa na pingu mikononi. Mama mmoja akatema mate miguuni pangu.

"Mwanangu akizidisha kesho, nikuite uje na askari huyu?"